Sura ya Sita: Bangili Yenye Namba

Mkono wangu ulikwama saa tano na nusu asubuhi, mbele ya watoto thelathini na wanane wa darasa la sita, nikiwa nimefungwa kitambaa machoni.

Kosa lilikuwa langu, nakiri mapema nisije nikaonekana namsingizia mtu. Kila Alhamisi nikiwaleta watoto makumbusho zoezi letu ni lile lile: mmoja anafungwa macho, anapewa kitu kutoka kwenye sanduku la kugusa, anakipapasa, anakinusa, anakipima uzito, kisha anatuambia kilikuwa cha nani na kilifanya kazi gani. Historia ya ubaoni wanaisahau kabla kengele haijalia. Historia waliyoishika mkononi wanaenda nayo nyumbani, wanawasumbua nayo wazazi mpaka wazazi wananipigia simu. Sasa siku hiyo msichana mmoja wa mstari wa mbele, yule mwenye maswali kuliko mwalimu mkuu, akaninyooshea kidole.

"Mwalimu, mbona wewe hujawahi kufungwa macho? Unaogopa kukosea?"

"Niogope nini?"

"Basi ufungwe!"

Darasa zima likapiga makofi. Ningefanyaje? Nikafungwa.

Nikawekewa bangili kiganjani. Nikacheka moyoni, maana bangili ile nilikuwa naivaa kila wiki kuwaonyesha jinsi wanawake wa zamani walivyoivaa juu ya kifundo cha mkono. Nene, ya shaba, yenye nakshi za mistari. "Hii rahisi," nikasema, nikaanza kuisukuma mkononi. Ikagoma kwenye kidole gumba. Nikadhani joto limenivimbisha. Nikaminya mkono, nikasukuma kama mtu anayevaa kiatu cha mdogo wake, ikaingia. Hapo hapo nikasikia nyuma yangu sauti ya kiume ambayo haijawahi kupanda hata siku moja, ikipanda.

"Mwalimu! Usisogee!"

Alikuwa mtunza vitu wa makumbusho. Watoto wanamwita Bwana Glavu, kwa kuwa hawajawahi kumwona bila glavu zake nyeupe. Mmoja aliwahi kuniuliza kama anaoga nazo. Ni mwembamba, mpole, na anakutazama kama vile una jambo la maana la kusema hata ukiwa unaulizia choo. Kwa miaka miwili ya Alhamisi nimekuwa nikivaa magauni yangu mazuri kwenda kufundisha mambo ya kale, na mwenye macho haambiwi tazama. Shuleni walishajua. Mlinzi wa getini alishajua. Yeye tu ndiye hakuwahi kusema neno, kwa sababu hata maneno aliyashika kwa glavu.

Nikajifungua kitambaa. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Hiyo siyo nakala," akasema taratibu. "Hiyo ndiyo yenyewe."

Asubuhi ile aliitoa ghalani ile ya asili ili ipigwe picha. Akaiweka kwenye sinia, nakala nayo ilikuwa imetolewa sandukuni ikawekwa kwenye sinia, na masinia yote mawili yana kitambaa cha rangi moja; mtoto akachukua kwenye sinia lisilo letu. Kwa hiyo kosa likawa la wawili. Akanigeuza mkono kwenye mwanga. Upande wa ndani wa bangili, kwa wino mwembamba kama unywele, kulikuwa na namba.

"Ikiwa na namba ina maana gani?" akauliza yule yule msichana, daftari mkononi.

"Ina maana imeandikwa kwenye daftari kuu," Bwana Glavu akamjibu. "Kitu chenye namba hakitoki nje ya jengo hili bila barua yenye saini ya mkurugenzi."

"Mkurugenzi yuko wapi?"

"Amesafiri. Anarudi Jumatatu."

Mtoto akafikiri. Akanitazama mimi, akaitazama bangili. "Kwa hiyo Mwalimu naye ni wa makumbusho?"

Wakacheka mpaka wakashikana. Nami nikacheka nao, maana mtu mzima akianza kulia mbele ya darasa la sita, heshima yake hairudi.

Nilivuta, nilizungusha, nilikunja kidole gumba mpaka kikalia. Kila nilipovuta, mkono ulizidi kuvimba. Saa sita ilipogonga, mwalimu wa jiografia, mwenzangu niliyekuja naye, aliwapandisha watoto kwenye basi la shule. Akaniinamia sikioni. "Na wageni wako wa leo je?"

"Nitafika."

"Saa tisa, eh? Usichelewe, shoga yangu. Mambo yale hayasubiri."

Hayakuwa yanasubiri, kweli. Saa tisa mchana ule daktari wa meno alikuwa anakuja nyumbani kwetu, pamoja na baba yake mdogo na wazee wawili, kusikia neno langu. Daktari si mtu mbaya. Nimekutana naye mara mbili, na mara zote mbili alinitazama meno. Aliyemleta ni shangazi. Tangu baba afariki, shangazi ndiye mkuu wa nyumba yetu, na mama mbele yake anakaa kama mgeni aliyesahau kuondoka. Utaratibu aliupanga shangazi mwenyewe: wazee watauliza, nami nitajibu kwa mdomo wangu mbele ya wote. Jibu nilikuwa nalo. Wiki nzima nililifanyia mazoezi kwenye kioo, kwa adabu, bila kumkwaza mtu: nashukuru, lakini hapana. Kilichobaki kilikuwa kufika tu.

Bwana Glavu alinipeleka kwenye chumba cha nyuma ya ghala, penye meza ndefu, taa ya kuinama na rafu za masanduku mpaka darini. Dirisha lilikuwa moja, dogo, lenye nondo. Akaniweka kwenye kiti, akaniambia niinue mkono juu ili damu ishuke, akatoka kwenda kutafuta maji ya baridi. Nikakaa vile, mkono hewani, kama mtoto anayejua jibu na mwalimu hamwoni.

Simu ikaita.

"Uko wapi?" Alikuwa mama, ananong'ona. "Viti vimeshapangwa."

"Mama, nimekwama."

"Basi limeharibika?"

"Bangili imenikwama mkononi. Ya makumbusho. Siruhusiwi kutoka nayo."

"Ulikosa bangili mpaka ukavae ya marehemu?"

"Mama, nisikilize. Waombe wasubiri. Au waambie nimesema hapana."

"Mimi?" Akasema kama vile nimemwambia apande juu ya paa. "Mwanangu, mimi shangazi yako simuwezi, unajua. Njoo useme mwenyewe, nami nitakuwa nyuma yako. Lakini njoo... Subiri, huyu anakuja, huyu..."

Nikasikia simu ikinyang'anywa.

"Nasikia umejifungia kwa yule mfuta vyungu," akasema shangazi.

"Shikamoo, shangazi. Sijajifungia, nime..."

"Nilimwona kwa macho yangu haya siku ile ya wazazi. Mwanamume mzima anafuta chungu kisichopikiwa! Akioa, mke atamlisha nini? Vumbi?"

"Shangazi, jibu langu ni hapana. Nalisema sasa hivi."

"Simu si mdomo. Neno la ndoa linasemwa uso kwa uso, mbele za watu. Uwepo, useme unalotaka, nami nitakaa kimya, sijawahi kumziba mtu mdomo. Lakini usipokuwepo, mimi ndiye niliyesimama mahali pa baba yako. Nitakujibia."

"Utajibu nini?"

"Kwani wewe unadhani nitajibu nini?"

Akakata. Nikabaki nimeishika simu kwa mkono wa kulia, wa kushoto uko juu. Maji yalikuwa yamenifika shingoni.

Bwana Glavu alirudi na bakuli la maji yenye barafu na kitambaa cheupe. Ningemwambia. Naapa, mdomo niliufungua. Lakini ningeanzaje? Nitoe hapa upesi niende nikamkatae mwanamume kwa ajili yako? Kwa ajili yake vipi, wakati yeye hajasema kitu? Mwanamke hujivunjia heshima mara moja, watu wakasimulia miaka kumi. Nikaufunga mdomo.

"Lazima niwe nyumbani saa tisa," nikasema. "Nina wageni."

"Nimesikia," akajibu bila kunitazama.

"Tutumie sabuni basi."

"Sabuni inakula ile rangi ya kijani. Rangi ile ndiyo umri wake."

"Mafuta?"

"Yataingia kwenye nakshi, hayatoki tena."

"Msumeno?"

Akanitazama kama vile nimemtukania mama yake.

"Basi ukate mkono," nikamwambia. "Mkono hauna namba."

"Mkono ndio sitaki udhurike," akasema, akainamisha kichwa upesi, masikio yamewaka.

Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona. Akavua glavu, kidole kimoja kimoja, akaziweka mezani. Mikono yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Kucha fupi, kovu dogo kwenye kidole cha shahada. Sijui kwa nini nilidhani itakuwa mizuri kuliko ile. Akaushika mkono wangu chini ya kiwiko, akauinua, akaanza kuufunga kitambaa cha baridi polepole, na mimi, mwalimu wa historia mwenye umri wa miaka ishirini na tisa, nikasahau kuvuta pumzi.

"Inauma?"

"Hapana."

"Ukisikia maumivu useme."

"Nitasema."

Hakuna aliyesema. Saa ya ukutani ilikuwa na mlio mkubwa kuliko saa zote duniani. Saa saba. Saa saba na nusu. Kila baada ya dakika chache alibadilisha kitambaa, akajaribu kuizungusha, ikagoma, akaurudisha mkono wangu juu ya mto wa pamba na kuushikilia pale. Sikuwa na pa kwenda wala sikuwa na la kufanya. Nilimpenda na nilikuwa naogopa, vyote kwa pamoja, na sikuweza kutenganisha kipi kinanitoa jasho.

"Nikuonyeshe kitu?" akasema, labda ili tu chumba kisiwe kimya. Akaivuta taa karibu. "Tazama upande huu, wa ndani. Umelika. Na huu haukulika. Maana yake aliivaa mkono mmoja, upande mmoja, miaka mingi, hakuigeuza. Kwenye maelezo tumeandika pambo la mwanamke mwenye hadhi."

"Nami ndivyo ninavyowafundisha."

"Mimi sina hakika."

"Huna hakika na hadhi yake?"

"Sina hakika kama alikuwa anaweza kuivua."

Nikaitazama. Kwa miaka miwili nimewaambia watoto lilikuwa pambo, nao wakaandika pambo. Hakuna aliyewahi kuivaa ikamkaza ndipo akajiuliza. Alhamisi inayofuata ningewauliza, nikawaza, kama kungekuwa na Alhamisi inayofuata. Daktari wa meno alishasema mke wake hatakuwa na haja ya kushinda na watoto wa watu.

"Ungempenda?" nikamuuliza ghafla.

"Nani?"

"Huyu mwenye bangili. Umekaa naye miaka yote hiyo."

Akatabasamu kidogo. "Huyu hanijibu."

"Umewahi kumwuliza?"

Hapo akanyanyua macho. Tulitazamana, na nakwambia ukweli, msomaji, kama angesema neno moja, hata jina langu tu, yote yaliyofuata yasingetokea. Mdomo ulimcheza. Akatazama saa ya ukutani.

"Kitambaa kimepata joto," akasema. "Nibadilishe."

Nilitaka kumpiga na bakuli.

Saa nane na nusu nikasimama. "Naondoka nayo."

"Mlinzi hatakuruhusu."

"Nitavaa koti."

"Anapekua mikono. Ikipita, kazi mimi sina, na shule yenu haikanyagi hapa tena. Watoto wako..."

Watoto wangu. Amenishika pabaya, nikawaza, nikakaa. "Mwite huyo mkurugenzi kwa simu."

"Nimempigia. Haipatikani."

"Piga tena!"

Akapiga tena mbele yangu. Haikupatikana. Akaweka simu mezani, na kwa mara nyingine akatazama saa. Nilianza kugundua kwamba mtu yule alikuwa anatazama saa kuliko mimi. Nikadhani ni huruma. Mapenzi yakikuziba macho, hata kitambaa hakihitajiki.

"Wageni hao ni wa muhimu sana?" akauliza.

"Wa kawaida tu."

"Wa kawaida," akarudia polepole, kama mtu anayeandika.

Saa nane na dakika arobaini na tano simu yangu ikaita mara ya mwisho. Mama. Sikuweza kusema mengi kwa kuwa Bwana Glavu alikuwa ameketi pale pale. "Bado, mama. Bado. Najua. Mama, najua." Akakata kabla hajaanza kulia, na mimi nikatazama dirisha lile lenye nondo mpaka macho yakakauka.

Saa tisa ikagonga.

Ilikuwa imepita dakika tano hivi mlango uliposukumwa. Akaingia mama wa usafi, ndoo mkono mmoja, ufagio mkono mwingine, mwanamke mnene wa umri wa mama yangu ambaye alifanya kazi pale kabla mkurugenzi hajaota ndevu.

"Makubwa!" akasema. "Mpaka saa hizi hamjaitoa?"

"Imegoma, mama," nikamwambia.

"Imegoma wapi? Mbona ya yule mpiga picha ilitoka?"

"Mpiga picha gani?"

"Wa mwaka jana. Naye alijifanya kuvaa, hii hii. Huyu bwana akamvalisha mfuko wa nailoni, ule mlaini, vuup, ikatoka. Dakika mbili hazikufika." Akaweka ndoo chini, akanyoosha mkono kwenye rafu iliyokuwa nyuma ya mgongo wa Bwana Glavu kabisa, akachana kipande kutoka kwenye roli la nailoni laini la kufungia vitu. "Lete mkono, mwanangu."

Akanivisha nailoni kama soksi, akaipenyeza chini ya bangili kwa kucha, akaishika ncha, akavuta. Bangili ikateleza juu ya kidole gumba bila hata kuniuma. Akaiweka mezani, kwenye mto wa pamba, taratibu kuliko nilivyotarajia.

"Basi," akasema. Akanitazama mimi, akamtazama yeye, akachukua ndoo na ufagio. "Nitapiga deki kesho." Akatoka na kuufunga mlango.

Mkono wangu ulikuwa na alama nyekundu ya duara. Niliusugua.

"Ulikuwa unajua," nikasema.

Hakukana. Hilo nampa. "Nilikuwa najua."

"Tangu saa tano na nusu."

"Ndiyo."

"Na simu ya mkurugenzi?"

"Hiyo ni kweli haipatikani."

"Ahsante kwa huo ukweli mmoja! Na barafu? Na kitambaa? Na 'inauma'? Ulikuwa unacheza mchezo gani na mimi?"

"Mwalimu mwenzako aliniambia," akasema. Alikuwa amesimama, mikono mitupu inaning'inia kama hajui ni ya nani. "Wakati anapandisha watoto. Aliniambia leo unachumbiwa, saa tisa. Nilikuwa nakuleta humu ndani nikutumie ile nailoni, nikaiona kwenye rafu, na... sikuichukua. Nilisema, acha saa tisa ipite. Usipokuwepo, hakuna uchumba. Ikishapita nitamwambia."

"Utaniambia nini?"

"Kwamba nakupenda."

Miaka miwili. Miaka miwili nimelisubiri neno lile, nimelivalia magauni, nimeliotea ndoto, na limenijia likiwa limechelewa kwa dakika kumi. Ningeweza kucheka.

"Nisipokuwepo shangazi ananijibia," nikamwambia. "Hivyo ndivyo walivyopanga. Nilikuwa naenda kusema hapana. Nilikuwa nayo hapa, mdomoni, tangu asubuhi. Hapana! Nilihitaji kuwepo tu, basi, nikae kwenye kiti niseme neno moja. Na wewe umenishika mkono mpaka saa imepita."

Nilimwona akielewa. Akajibwaga kwenye kiti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa ungesema unamtaka."

"Ndipo ungejua! Watu wazima hivyo ndivyo tunavyojua vitu, tunauliza! Shangazi anasema ananipenda, ananifungia mlango huu. Wewe unasema unanipenda, unanifungia ule. Hakuna hata mmoja wenu aliyesema, wewe mwenyewe unataka nini." Machozi yalikuwa yananitoka, na sikuyafuta. "Ungeniomba nibaki, ningebaki. Si kwa saa chache tu. Ningebaki maisha. Wewe ukaona bora uibe mchana mmoja."

"Nisamehe."

"Siwezi sasa hivi. Nina haraka."

Simu ikatetemeka mezani, karibu na bangili. Ujumbe wa shangazi, wenye herufi kubwa tupu, maana hajui kuzipunguza: HONGERA MWANANGU. TUMESHAKUBALI. NJOO UPIGWE PICHA.

Nikamwonyesha. Alisoma, akafumba macho.

Alinifuata mpaka mlango mkubwa. Mlinzi akapekua mkoba wangu, kisha akaitazama ile alama kwenye mkono wangu. Nikajaza kitabu cha wageni: muda wa kutoka, saa tisa na dakika ishirini na mbili. Nje jua lilikuwa kali.

"Nije na wewe," akasema nyuma yangu. "Niwaeleze kosa ni langu. Niseme mbele yao."

Nikageuka. Sikuwahi kumwona hivyo, bila glavu, mbele ya watu. Moyo ulinivuta kwake, siwezi kudanganya. Ulinivuta hata kwa hasira yangu yote.

"Usije. Leo nimeshikwa mkono vya kutosha. Siku ukiwa na swali la kuniuliza, unapajua shuleni. Uliza, kisha unyamaze usubiri jibu."

Nikavuka barabara bila kutazama nyuma. Nilitembea, kisha nikakimbia, sehemu nyingine viatu vikiwa mkononi, nikikata mitaa ya nyuma ya maghala na karakana. Kila hatua nilikuwa nakumbuka maneno yangu ya adabu na kila hatua yalikuwa yananipungukia. Nilifika yamekwisha yote.

Mlangoni kulikuwa na viatu vya kiume jozi nne. Sebule ilijaa. Viti vya kuazima, glasi za soda, biskuti kwenye sahani zile za wageni ambazo sisi wenyewe haturuhusiwi kuzigusa. Daktari wa meno akasimama kwa heshima, akatabasamu. Mama alikuwa mlangoni pa jikoni na trei tupu, macho mekundu. Shangazi ndiye aliyekuwa katikati, kwenye kiti cha baba, amevaa nguo zake za harusini.

"Huyo, kaja!" akasema. "Kazi imemchelewesha, mnajua walimu. Kaa, mwanangu. Nywele gani hizo?"

Sikukaa. Nikawaamkia wazee wote, mmoja mmoja, kwa utaratibu, maana mama hakunilea vibaya.

"Karibu, binti," akasema baba mdogo wa daktari, mzee mpole mwenye miwani. "Tumefurahi sana na jibu lako."

"Jibu langu lipi, mzee?"

Akatazama huku na huku. "Lile la kukubali."

"Nimekubali lini?"

"Tumeambiwa..." Akamgeukia shangazi. "Si umetuambia amekubali?"

"Amekubali, ndiyo," akasema shangazi, tabasamu halijamtoka lakini sauti imekaza. "Hakuwepo, kwa hiyo nimekubali mimi kwa niaba yake. Kuna tofauti gani?"

Nikamtazama daktari, na kwa mara ya kwanza yeye naye akanitazama usoni badala ya menoni. Nikamtazama mama. Mama akaiweka trei chini, akasogea, akaja kusimama nyuma yangu, karibu mpaka nikasikia pumzi zake shingoni. Nikamrudia mzee mwenye miwani.

"Hakuna tofauti yoyote, mzee wangu," nikasema. "Aliyekubali ndiye aolewe."